Nilimfanyia Binti Yangu Kazi ya Penseli, Jicho Likapotea

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usianze kumtafuta mwingine wa kulaumu ukifika katikati. Si la mwalimu, si la mume wangu, wala si la wale watu wa mbali wanaoweka karatasi za kufundishia watoto mtandaoni bure. Ni langu peke yangu, na nimelibeba hadi nimechoka.

Jina langu sitalitaja. Mtaa nitautaja, ni Baba Dogo hapa Nairobi, maana huku tumejaa na hakuna atakayejua ni ploti gani. Binti yangu nitamwita Nekesa ingawa si jina lake. Ana miaka minane, na ndiye mtoto wangu wa pekee.

Kwanza ujue kitu kimoja kunihusu. Mimi ni mzaliwa wa Ziwani. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli, na alipopoteza kazi niliachia shule kidato cha pili nikabaki kulea wadogo zangu. Mpaka leo mtu akiniuliza nimesoma hadi wapi, nakohoa kwanza. Kwa hiyo Nekesa alipozaliwa niliapa kwamba mtoto wangu hatakohoa mbele ya watu.

Alipoingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, mwalimu wake alifungua grupu la wasap la wazazi. Alitaka watoto wawe na kazi za kufanya nyumbani: kufuatisha mistari ya nukta, kupaka rangi, kuunganisha picha na herufi. Mtoto akimaliza, mzazi anapiga picha na kuituma kwenye grupu. Basi vitabu vya kazi hizo vikawa haba, na wazazi wakaanza kunung'unika.

Ni Mama Shiru, mwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, karibu na kibanda changu cha nguo za watoto, aliyenionyesha kwamba karatasi hizo ziko mtandaoni bure. Unaandika unachotaka, herufi au nambari au wanyama, unaongeza neno bure, halafu zinakuja nyingi mpaka unashindwa uchague ipi. Nilifurahi kama niliyeokota kitu njiani!

Nikazama humo. Wateja wakipungua, mimi niko kwa simu natafuta. Nikajifunza kwamba kuna tovuti zinazokuonyesha ukurasa mmoja mtamu halafu zinataka ulipe. Kuna zingine zinataka barua pepe yako, ukiwapa hawakuachi upumue. Na kuna zile za watu waungwana, unabonyeza mara moja karatasi inashuka. Nilijua hata ni zipi zina michoro myepesi isiyomaliza wino wa watu.

Nilizoziona nzuri nilizituma kwenye grupu. Wazazi wakazipenda. Ikawa kila wikendi wananiulizia, za hesabu ziko wapi, za sauti za herufi ziko wapi. Mmoja akaandika, "Asante sana Teacher," na wengine wakadakia. Tangu siku hiyo nikawa Teacher.

Wewe unayesoma hii, labda hujui jina kama hilo ni nini kwa mtu wa kidato cha pili. Nilisoma ujumbe ule nikiosha vyombo, nikaurudia nikifua. Sifa ni tamu, jamani! Ndizo zilizoniponza.

Shida ilikuwa Nekesa mwenyewe. Nilimpa karatasi ya kwanza, mistari ya nukta inayotoka kwa kuku kwenda kwa kifaranga. Penseli yake ikatembea ilikotaka. Nikamwambia afuate mistari, akanijibu kwamba mistari haipo. Nikaona pengine uchapishaji ni hafifu. Nikambebea Mama Shiru karatasi yake na kelele juu, na yule mama wa watu akaniambia kwa upole kwamba huo ndio wino anaowachapishia wote. Akanichapishia nyingine nzito zaidi, na bado Nekesa akasema haoni kitu cha kufuata.

Siku nyingine nilipata karatasi ya yule mtu wa theluji, mviringo juu ya mviringo, kofia kichwani. Nikamuuliza Nekesa ni nini. Akaitazama akifinya macho, akasema ni viazi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nani Baba Dogo ameona theluji? Nikajiambia hizi karatasi za ng'ambo zinamchanganya mtoto, nikatafuta zenye vitu vya kwetu. Nikampa mbuzi. Akaniambia ni wingu.

Hapo sikucheka. Nilikasirika.

Kabla hujaniuliza kwa nini sikufikiria macho, nisikilize. Mtoto huyu alikuwa akisimama langoni jioni wanaume wa viwandani wakirudi, wote na ovaroli za rangi moja, na yeye ndiye wa kwanza kumtambua baba yake akiwa bado kule kwenye kona. Mimi nikiwa bado nakodoa, yeye ameshaanza kukimbia. Mtoto anayemwona baba yake kutoka huko, atashindwaje kuona karatasi iliyo chini ya pua yake? Nilisema ni ukaidi. Sikujua kuna macho yanayoona mbali yakashindwa na karibu.

Alikuwa akisugua macho. Alikuwa akisema kichwa kinamuuma kila tukikaa mezani. Nikamwambia kichwa cha mvivu huuma penseli ikitolewa. Nilimfinya paja. Nilimpiga vidole na rula, vidole vidogo vile! Naandika hivi nikiwa na aibu, lakini nimekuja kusema yote.

Sasa sikia nilivyoanguka.

Ilikuwa jioni moja, kazi ya wikendi inatakiwa. Karatasi hiyo nilikuwa nimeitafuta mimi na kuituma mimi. Picha zikaanza kuingia kwenye grupu, ya huyu, ya yule, mistari safi, kila mzazi akimalizia na asante Teacher. Nikaiangalia ya Nekesa. Ilikuwa imechorwa kila mahali isipokuwa kwenye mistari. Nikajiuliza, hawa watu wakiona hii watasema nini? Teacher gani wa kufundisha wengine na wake hajui kushika penseli?

Nilikuwa na nakala ya ziada. Nikachukua penseli nikaiweka mkono wa kushoto. Wa kulia wa mtu mzima huenda sawa sana, mwalimu angejua. Wa kushoto hutetemeka kama wa mtoto. Nikafuatisha nukta zote. Mahali pamoja nikakosea makusudi, nikafuta, nikaacha doa. Nikapaka rangi ikitoka kidogo nje ya mchoro, na juu nikaandika jina la Nekesa. Kisha nikamwita Nekesa aishike, atabasamu, nikapiga picha.

"Wueh, huyu Nekesa ni moto," mzazi mmoja akaandika. Mwalimu akatuma nyota.

Nilisema ni mara moja tu. Ikawa mara ya pili, ikawa kila wikendi, PP1 ikaisha, PP2 ikaisha, tukaingia gredi ya kwanza mkono wangu wa kushoto ukiwa umekuwa hodari. Zilizotoka vizuri nilizibandika ukutani juu ya kochi. Wageni walizisifu. Nekesa alikuwa akikaa kando yangu ananichongea penseli na kunichagulia rangi, na akitoka shule ananiuliza leo nafanya karatasi gani. Niliona ni utani wa mtoto.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, halafu nikaficha.

Kuna siku moja ningeweza kuokoa kila kitu. Hiyo ndiyo inayonirudia nikiwa peke yangu kibandani. Mwalimu aliniita shuleni. Nekesa alikuwa amekaribia kumaliza PP2. Tukakaa kwenye vile viti vidogo vya watoto, na yeye, mama mpole, akanieleza kwamba Nekesa darasani haandiki. Ubaoni anasoma vizuri akiwa nyuma kabisa, lakini akipewa kitabu anakifunga.

Akafungua simu yake, akanionyesha picha nilizotuma.

"Mama Nekesa, nilikuwa nataka niwaambie mumpeleke macho," akasema. "Lakini nikiona vile anafuata laini nyumbani, naona si macho. Ama wewe unaonaje?"

Alikuwa ameniuliza. Neno lenyewe lilikuwa mezani, macho, amelitamka yeye mwenyewe, na mimi nilichokuwa naangalia ni zile picha. Nilichoogopa ni kwamba atazikuza kwenye simu aone si mkono wa mtoto.

"Ana haya tu, Teacher," nikamjibu. "Akiwa na watu huogopa."

Akaniamini. Kwa nini asiniamini? Akaandika kwamba Nekesa atiwe moyo, na mwaka uliofuata wakamhesabu kuwa mvivu. Wenzake wakienda kucheza, yeye alikuwa akibakizwa ndani amalize kuandika. Mtoto wangu alikaa ndani ya darasa tupu na kitabu asichokiona, akilipia uongo wangu! Mungu anisamehe, maana mimi mwenyewe nimeshindwa.

Uongo ulivunjika mwaka huu. Kiwanda anachofanyia kazi mume wangu kilisimama kwa muda, mashine zinatengenezwa, wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Yeye huwa hayupo kazi za shule zikifanywa, kwa hiyo alikuwa hajui lolote. Akaanza kumchukua Nekesa shuleni na kukaa naye alasiri.

Siku hiyo nilikuwa nimeenda soko la Gikomba kuchagua nguo. Narudi na furushi begani, nawakuta mezani na karatasi mpya niliyokuwa nimeichapisha. Mume wangu anacheka.

"Eti huyu ananiambia hii job ni yako," akasema.

Nikacheka pia. Nikasema watoto wa siku hizi wana maneno. Akasema basi aifanye, tumwone. Nekesa akanitazama. Hakuwa ananishtaki, alikuwa anataka kujua kama anaruhusiwa. Sijui ningefanya nini na macho yale, nikainama nikijifanya nafungua viatu.

Akachukua penseli. Akarudisha kichwa nyuma, akafinya macho, akafumba moja. Penseli ikatoka kwenye karatasi ikaandika meza. Baba yake akamwambia taratibu afuate mistari.

"Mistari Mama ndiye hujua iko wapi," Nekesa akasema.

Mume wangu si mtu wa kelele. Akaichukua ile karatasi, nafikiri alitaka tu kuiondoa mbele ya mtoto, akaitundika kwenye msumari wa kalenda kando ya mlango. Nekesa alikuwa ameshahamia kitandani, upande wa pili wa chumba. Akainua kichwa akaisoma. Akasema kuna mbuzi, kuna herufi M, na kuna njia ya nukta inayoenda kwa nyumba. Alisema bila hata kuulizwa.

Baba yake akamtazama, akatazama karatasi, akaitoa msumarini akamsogezea usoni. Akamuuliza sasa anaona nini. Nekesa akasema imeenda.

Furushi lilikuwa bado liko begani kwangu. Mume wangu akageuka.

"Huyu mtoi haoni karibu," akasema. "Na wewe umekuwa ukijua haandiki."

Nililitua furushi sakafuni.

Asubuhi yake tulikuwa kwenye foleni ya kliniki ya macho. Wakamtia dawa ya matone, wakampima jicho moja moja. Walipoziba la kushoto, alisoma kidogo. Walipoziba la kulia, akasema wamezima taa. Niliona daktari akirudia kipimo hicho tena, polepole, nikajua mambo si mazuri.

Akatueleza kwa lugha tunayoelewa. Macho yote mawili yalizaliwa na shida ya kuona karibu, na miwani ingeyasaidia. Lakini la kushoto lilikuwa baya zaidi, kwa hivyo ubongo wa mtoto ukaliacha, ukawa unatumia la kulia peke yake. Jicho likiachwa hivyo miaka mingi utotoni, husinzia na kusahau kazi. Miwani peke yake hailiamshi.

Mume wangu akauliza ingekuwaje kama tungekuja mapema.

"Akiwa mdogo tungemvalisha miwani, tuzibe hili zuri, na lile lingejifunza," daktari akasema. "Tutajaribu hata sasa, lakini sitawadanganya. Hakuna kazi ya shule iliyowaonyesha?"

Mume wangu akanigeukia. Aliniachia mimi nijibu. Nikamwambia daktari kwamba kazi ya shule nilikuwa nafanya mimi. Akaacha kuandika kidogo, halafu akaendelea.

Tumeziba lile jicho zuri kama tulivyoagizwa. Nekesa amelia, amegonga milango, amemwaga uji, na hajakataa hata siku moja. Jicho la kushoto limerudi kidogo sana. Anaona mwanga na mtu akisimama, basi. Daktari ameniambia nisitarajie zaidi ya hapo. Atakua na kuzeeka akitumia jicho moja, na hilo moja itabidi alilinde kama roho.

Nyumbani kwangu hakujavunjika, lakini hakuko sawa. Mume wangu huzungumza nami kuhusu chakula na maji na mtungi wa gesi. Kliniki anampeleka yeye, na akirudi anamsimulia mama yake mzazi kwa simu, wala si mimi. Siwezi kumlaumu.

Kwa mwalimu nilienda mwenyewe. Nilimweleza kila kitu, mkono wa kushoto, doa la makusudi, kila kitu. Alilia kabla yangu, kwa sababu ya zile siku mtoto alizobakizwa ndani.

"Ungeniambia siku ile tu," akasema.

Grupuni hawajui. Jana tu kuna mzazi ameandika, "Teacher, tutumie za kutoa na kujumlisha." Nikazitafuta, nikazituma, nikazima simu nikalia. Ndiyo maana nimekuja kuungamia hapa kwa watu nisiowajua, maana wale wanaoniita Teacher nimeshindwa kuwakabili.

Lakini si hilo lililonivunja. Nisubiri nikumalizie.

Siku Nekesa alipoletewa miwani, alikaa mezani bila kuitwa. Akachukua karatasi ya kufuatisha nukta, ya watoto wadogo kabisa, akaifuatisha yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkono ulikuwa mgeni, unayumba, lakini ulikuwa juu ya mstari. Akamaliza. Akaiangalia muda mrefu.

"Mama, kumbe ni rahisi," akasema.

Nikamwambia ndiyo, ni rahisi. Akaniuliza ni kwa nini basi nilikuwa namfanyia. Aliniambia yeye alidhani ni kwa sababu ni mjinga, na kwamba nilikuwa namsaidia ili watu wasijue. Miaka yote hiyo, akinichongea penseli, hilo ndilo alilokuwa akijiambia.

Nilipiga magoti nikamshika mikono. Nikamwambia yeye si mjinga, hajawahi kuwa. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa watu watanicheka.

Alifikiria sana. Mtoto akifikiria unamwona.

"Wangekucheka aje?" akaniuliza. "Jina kwa karatasi lilikuwa langu."

Ndugu yangu, mzazi mwenzangu, karatasi za bure ni nzuri. Zitafute, zichapishe, mkae chini na mtoto. Sijaja kukukataza hizo. Nimekuja kukuambia kwamba ukishampa mtoto penseli, mikono yako iweke mapajani. Akichora nje ya mstari, piga picha hivyo hivyo, tuma hivyo hivyo, na watu waseme watakavyo. Akikuambia mistari haipo, usiende kugombana na mwenye saiba. Amka umpeleke akapimwe macho.

Na mwalimu akikuuliza kinachoendelea nyumbani, mwambie. Hata kama utaona haya. Haya yangu ingeisha baada ya wiki moja. Jicho la mwanangu halirudi.